Kuficha Nyaya za Umeme Katika Chumba cha Nyongeza: Ukutani, Kwenye Mfereji, Kwenye Paipu au Darini?

Katika mitaa mingi ya Mtwara na Lindi nyumba haijengwi mara moja ikaisha. Familia huanza na vyumba viwili au vitatu, na baadaye, korosho zikishauzwa na fedha zikapatikana, huongeza chumba cha kijana aliyekua, jiko la ndani au fremu ndogo inayotazama barabara. Kuta hupanda, bati hupigwa, lipu hukauka, na hapo ndipo suala la umeme hukumbukwa. Fundi huvuta waya kutoka kwenye soketi iliyo karibu na kuupigilia klipu, taa huwaka, na mwenye nyumba hubaki akiutazama waya mweupe unaokatiza ukuta mpya alioutolea jasho.

Njia za kuuondoa waya huo machoni ni nne: kuuchimbia ukutani ndani ya paipu, kuufunika kwa mfereji wa plastiki ambao mafundi huuita trankingi, kuupitisha ndani ya paipu iliyofungwa juu ya ukuta, au kuupandisha juu ya dari. Kila njia ina nyumba inayoistahili. Nimeishi na tatu kati ya hizo katika nyumba moja iliyopo Magomeni, Mtwara mjini, na ya nne nimeiona kwa ndugu zangu wa Lindi, kwa hiyo nitaziweka bega kwa bega kwa vigezo vilevile ili msomaji aliyekwama apime mwenyewe.

Kwanza, waya unastahili kufichwa?

Waya mbovu ukifichwa huendelea kuwa mbovu, tena mahali ambapo hakuna anayeuona. Kabla ya kuchagua njia, fundi athibitishe mambo matatu. La kwanza ni unene wa waya: kwa kawaida milimita za mraba 1.5 hutumika kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 4 au 6 kwa jiko la umeme au kiyoyozi kikubwa. La pili ni chanzo chake, kwa sababu chumba cha nyongeza chenye friji, feni na pasi hakifai kuning'inizwa kwenye soketi moja ya chumba cha zamani. Kinapaswa kupata njia yake kutoka kwenye sanduku la breka, pamoja na waya wa ardhi uliounganishwa kwelikweli na nguzo ya ardhini. La tatu ni kipimo: nyaya zikiwa hazijaunganishwa na umeme wala vifaa, fundi azipime kwa kifaa cha volti 500, na ukinzani kati ya waya na waya, na kati ya waya na ardhi, usiwe chini ya megaomu 1. Waya mpya kwa kawaida husoma mbali zaidi ya hapo. Kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na inafaa kumwomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajashika tindo.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni ukuta wenyewe: umejengwa kwa kitu gani, na umefikia hatua gani. Cha pili ni usalama, hasa dhidi ya misumari, maji na joto la waya. Cha tatu ni marekebisho, yaani utakapotaka kubadili au kuongeza waya baada ya miaka mitano, utaufikia vipi. Cha nne ni hali ya huku kwetu: chumvi ya bahari, unyevu, panya na mchwa. Cha tano ni sura na gharama, nami nimeviweka pamoja kwa sababu kwa mwenye nyumba huwa haviachani. Binafsi kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na sababu yake itaonekana punde.

1. Kuchimbia ukutani ndani ya paipu

*Ukuta na kazi yenyewe.* Njia hii hupendeza zaidi pale ukuta wa tofali za saruji unapokuwa bado haujapigwa lipu. Fundi hukata mistari miwili kwa grenda, hutoa katikati kwa tindo, hulaza paipu ya plastiki ya milimita 20 au 25, huifunga isicheze, kisha lipu hupita juu yake. Ukuta ukiwa tayari una lipu na rangi, kazi hiyohiyo huwa ni ya vumbi linaloingia hadi kwenye godoro, na kiraka chake huonekana mpaka ukuta mzima upakwe rangi upya.

Kina cha mkato kina mpaka wake. Kanuni inayofuatwa Uingereza ni kwamba mkato wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa tofali la inchi 5, ambao ni takribani milimita 125, hiyo ni kama milimita 42 kwa mkato wa wima na 21 tu kwa wa mlalo. Ni wazi kwamba paipu ya milimita 20 ikilazwa mlalo haiachi nafasi ya kukosea, na ndiyo maana fundi mzuri huteremsha paipu wima kutoka juu, wala hazungushi mkato kiunoni mwa chumba.

*Usalama.* Waya ulio ndani ya ukuta hauguswi na mtoto wala hauburuzwi na kabati, lakini adui yake ni msumari. Kinga ya kwanza ni nidhamu ya mstari: paipu ipande au iteremke wima kutoka kwenye swichi au soketi, au iende mlalo kwa usawa wake, ili mtu akiona swichi ajue waya umepita wapi. Kinga ya pili ni kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kipimo cha miliampea 30, kilichofungwa kwenye sanduku la breka.

Nyumbani kwangu nidhamu hiyo ilikosekana. Fundi wa kwanza aliukata ukuta mshazari kutoka kwenye swichi hadi kwenye soketi ili kuokoa mita chache za waya, na sikujua, kwa kuwa niliporudi lipu ilikuwa imeshapita. Mwaka wa pili nilipigilia msumari wa rafu mahali ambapo mtu yeyote angedhani ni salama. Siku ile hakukutokea kitu, ila msimu wa mvua ulipoanza breka ikawa inaanguka usiku, unyevu unapopanda, na asubuhi inashika tena kana kwamba hakuna lililotokea. Tulipoufungua ukuta hatukukuta paipu. Waya ulikuwa umezikwa mtupu ndani ya lipu, msumari umechubua ganda lake, na shibiri mbili kutoka hapo palikuwa na kiungo kilichozungushiwa utepe tu. Utepe ule ulikuwa umelegea na kunata vidoleni, na shaba ndani yake imegeuka kijani.

*Marekebisho.* Kila kitu hapa kinategemea kuwepo kwa paipu. Paipu ikiwepo, ikiwa na kona chache zilizopindwa taratibu, na nyaya zikiwa zimejaza chini ya nusu ya nafasi yake, waya wa zamani unaweza kuvutwa na kurudi na waya mpya uliofungwa mkiani mwake, bila kugusa lipu. Paipu isipokuwepo, au ikiwa imeshindiliwa nyaya hadi pomoni, marekebisho maana yake ni tindo. Viungo visifanywe ndani ya ukuta kamwe. Vikae kwenye visanduku vyenye mfuniko unaofunguka, hata kama mfuniko huo unakukera macho kidogo.

*Bahari, unyevu na wadudu.* Paipu ya plastiki haioti kutu, na lipu huikinga na hewa ya chumvi. Tahadhari ni kuziba midomo yake wakati wa ujenzi, la sivyo itajaa saruji, na kutoziacha paipu zinazotoka ardhini zikiwa wazi, kwa maana mchwa huzitumia kama njia yao wenyewe. Mvua za kusini huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Lipu iliyopigwa wakati huo huchelewa kukauka, basi ipe muda kabla ya kuvuta nyaya na kufunga soketi.

*Sura na gharama.* Ukuta unabaki mtupu na safi, na hakuna njia nyingine inayoufikia. Ukifanya kabla ya lipu, nyongeza ya gharama ni paipu na siku za fundi. Ukifanya baada ya rangi, utalipa fundi umeme, fundi lipu na fundi rangi kwa kazi moja.

*Inamfaa nani.* Anayejenga nyongeza sasa na bado hajapiga lipu, na mwenye nyumba yake mwenyewe anayekusudia kukaa.

2. Mfereji wa plastiki juu ya ukuta

*Ukuta na kazi yenyewe.* Huu ni mkanda wa plastiki wenye umbo la mfereji, ambao chini yake hufungwa ukutani na mfuniko wake hubanwa juu baada ya nyaya kulazwa. Hukubali karibu ukuta wowote, wenye lipu, wenye rangi, hata ubao wa kugawanya chumba, na chumba kimoja humalizika ndani ya siku moja bila kumhamisha mtu.

*Usalama.* Waya hauzikwi, kwa hiyo hakuna msumari wa bahati mbaya. Anayepigilia anauona mfereji. Kasoro ni kwamba mfuniko hufunguka kwa kucha, na watoto wana muda wa kuligundua hilo. Katika chumba cha watoto, sehemu ya chini inayofikika nyuma ya kitanda ipitishiwe paipu. Mfereji nao usijazwe hadi mfuniko ukatae kubana, kwa sababu nyaya zilizosongamana hupashana joto.

*Marekebisho.* Hapa ndipo unapozishinda njia nyingine. Unaongeza soketi leo, mwezi ujao unaongeza waya wa intaneti kwenye mfereji wake wa pembeni (usiuchanganye na wa umeme katika nafasi moja), na ukuta hauna habari.

*Bahari, unyevu na wadudu.* Mifereji midogo huuzwa ikiwa na gundi mgongoni, na gundi hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Juu ya ukuta wa chokaa au rangi inayotoa unga, kwa joto na unyevu wa Mtwara, hubanduka yenyewe baada ya muda na mfereji ukaning'inia pamoja na nyaya zake. Tumia skrubu na plagi zake, na kwa nyumba za Shangani au za ufukoni Lindi na Kilwa Masoko, chagua skrubu zisizoshika kutu, maana za kawaida huacha michirizi ya kahawia ukutani. Miisho izibwe kwa vifuniko vyake. Pakiachwa wazi, mijusi na sisimizi huhamia humo.

*Sura na gharama.* Unaonekana, na hakuna namna ya kusema hauonekani. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mfereji uliokatizwa katikati ya ukuta na uliofuata kona, ukingo wa mlango na mstari wa dari, kona zake zikakatwa kwa nyuzi 45 na ukapakwa rangi ya ukuta. Huo wa pili mgeni huwa hauoni mpaka aoneshwe. Gharama yake ni ya wastani, nayo hukua kwa urefu na kwa vipande vya kona.

*Inamfaa nani.* Mpangaji, mwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi, na mtu ambaye matumizi ya chumba chake bado hayajatulia.

3. Paipu iliyofungwa juu ya ukuta

*Ukuta na kazi yenyewe.* Paipu ni ileile ya milimita 20, ila haichimbiwi. Hushikwa kwa vishikizo na kuunganishwa kwa visanduku vya duara. Inafaa kwenye kuta ambazo tindo halizitakii mema. Nyumba za miti na udongo ni mojawapo, kwa kuwa ukizichimba unakutana na fito, na vishikizo vyake hufungwa kwenye miti wala si kwenye udongo. Nyingine ni zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopo Mikindani. Chokaa ile ni laini, mtikiso wa nyundo hulegeza zaidi ya pale ulipopiga, na kiraka cha saruji juu yake huzuia ukuta kutoa unyevu wake. Mwenye nyumba ya namna hiyo aulize ushauri wa watu wa mambo ya kale kabla hajaiongezea chochote, na nyaya azipitishe juu ya ukuta.

*Usalama.* Ni imara kuliko mfereji: haifunguki kwa kucha, panya haitoboi kwa urahisi, na pigo la mguu wa meza hailijali. Kwa jiko, stoo na banda la uani ningeichagua bila kusita, mradi visanduku na soketi za nje ziwe za aina inayozuia maji.

*Marekebisho.* Kubadili waya ni kuuvuta. Kuongeza njia mpya ni kazi kidogo, kwa sababu lazima paipu ikatwe na kisanduku kiongezwe, lakini yote hufanyika mbele ya macho yako.

*Bahari, unyevu na wadudu.* Chumvi haiidhuru. Jua huidhuru: paipu ya plastiki isiyotengenezwa kwa matumizi ya nje, ikikaa miaka kwenye ukuta unaotazama magharibi, hupauka na kuwa dhaifu kama ganda la yai. Ipitishe upande wa kivuli au ipake rangi.

*Sura na gharama.* Bei yake ni nafuu. Sura yake ni ya karakana, na sebuleni wengi hawaipendi, ingawa paipu zilizonyooka kwa timazi na kulingana nafasi zina unadhifu wao.

*Inamfaa nani.* Mwenye jiko, stoo, fremu ya biashara, banda la uani, au ukuta usiochimbika.

4. Juu ya dari

*Ukuta na kazi yenyewe.* Nyaya hutembea juu ya dari ya jipsam au ya mbao, na huteremka ukutani pale tu penye swichi au soketi. Hii haijitoshelezi, kwa sababu kipande cha kuteremka bado kitahitaji mojawapo ya njia tatu zilizotangulia. Lakini hupunguza urefu wa kuficha hadi mita moja na kidogo kwa kila swichi, na hilo si dogo.

*Usalama.* Kwa kuwa hakuna anayeona, huko ndiko uzembe hujificha. Nyaya zisilazwe juu ya ubao wa dari. Zifungwe kwenye mbao za kenchi, ndani ya paipu, na viungo vyake vikae kwenye visanduku. Chini ya bati kuna joto kali mchana, na waya wenye joto hubeba umeme mdogo kuliko uwezo wake wa kawaida. Ganda la plastiki la nyaya zetu za kawaida limekusudiwa kufikia nyuzi joto 70, kwa hiyo waya wa kiyoyozi uliopita huko uchaguliwe mnene zaidi ya ule ungetosha ukutani.

*Marekebisho.* Ukiwa na mlango wa dari ni rahisi sana. Ukiwa huna, na dari ni ya jipsam iliyofungwa moja kwa moja, utakata shimo. Mlango huo uachwe wakati dari inapofungwa.

*Bahari, unyevu na wadudu.* Panya, na bati linalovuja. Waya usiokuwa kwenye paipu juu ya dari ni chakula cha meno ya panya, na tone la mvua huufuata waya hadi ndani ya taa.

*Sura na gharama.* Dari ikiwa imeshapangwa kufungwa, nyongeza ni ndogo. Kufunga dari kwa sababu ya nyaya peke yake ni ghali.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyongeza yenye dari, hasa yenye taa nyingi au feni ya juu.

Ufanye lipi, kwa hali yako

Kama kuta zimesimama na lipu bado, simamisha fundi lipu kwa siku chache, kaa na fundi umeme ndani ya chumba kitupu, na mchore kwa chaki mahali pa kitanda, friji, meza na televisheni. Chimbieni paipu wima, ongezeni paipu moja tupu ya akiba hadi kwenye sanduku la breka, kisha piga picha kila ukuta kwa simu ukiwa umeegesha futi kamba ukutani, ili ujue paipu iko umbali gani kutoka kwenye kona. Picha hizo zihifadhi mahali ambapo na mkeo au mumeo anaweza kuzipata.

Kama ukuta umeshapakwa rangi na unahitaji soketi mbili tatu tu, mfereji uliofuata kona na dari utakuepusha na mafundi watatu. Kama wewe ni mpangaji, patana kwanza na mwenye nyumba kwa maandishi, kisha tumia mfereji huohuo.

Kama dari inakuja, nyaya ndefu zipande juu, na vipande vya kuteremka vichimbiwe au vifunikwe kwa mfereji mwembamba.

Kama ni jiko la uani au banda lililojitenga na nyumba kubwa, paipu za juu ya ukuta zitakufaa ndani yake. Umeme wa kufika huko, ukipita chini ya ardhi, uwe kwa kebo yenye ngao ya chuma, kwenye mtaro wenye kina ambacho jembe halifiki, walau sentimita 50, na utepe wa tahadhari juu yake.

Kwa aliyeko Newala, Nachingwea au Masasi, mbali na chumvi, suala la skrubu halitamsumbua, lakini panya na mchwa wako huko pia. Na kama unahamia katika nyumba ambayo nyongeza yake ilijengwa na mtu mwingine na hujui waya umepita wapi, usipigilie msumari wa kwanza juu, chini au pembeni mwa swichi na soketi yoyote. Zima breka kubwa, fungua kifuniko cha soketi moja, na mulika ndani kwa tochi: ukiona mdomo wa paipu, ukuta huo unaweza kurekebishika, ukiona waya umeingia mtupu kwenye saruji, mwite fundi aupime kabla mvua hazijaanza.